Ngoma za Kuigiza na Tofauti za Ladha: Kutoka Beni ya Pwani hadi Kilumi cha Mbooni

Tangu Terence Ranger achapishe kitabu chake juu ya ngoma ya Beni mwaka 1975, wanahistoria wa Afrika Mashariki wamekuwa wakiuliza swali moja kwa namna nyingi: je, wale Waafrika waliovaa kofia za maofisa wa Kizungu, wakajiita wafalme na majenerali, wakapita barabarani kwa gwaride, walimwiga mkoloni kwa kumtukuza au walimwiga kwa kumcheka? Swali hilo lina maana yake, na majibu yaliyotolewa yametufaa. Hata hivyo lina upungufu mmoja. Lachukulia kwamba wote waliokuwamo katika ngoma walitaka jambo moja, na kwamba kazi ya mtaalamu ni kuligundua jambo hilo na kulitaja.

Makala haya yanakusudia kulitazama suala hili kwa upande mwingine. Ngoma za kuigiza, yaani ngoma ambazo mtu huingia ndani yake akiwa mtu mwingine, zilikusanya watu wenye matarajio yasiyofanana hata kidogo. Wengine walifuata mavazi, wengine walifuata nyimbo, wengine walitaka msaada wa mazishi, na wengine walitaka kuwashinda majirani zao. Nadai kwamba watu hao waliweza kukaa katika mchezo mmoja kwa kuwa desturi ya ngoma yenyewe iliwapa njia za kuziheshimu tofauti hizo bila kuzifuta. Na kwamba ngoma ilivunjika kila mara mtu, awe wa ndani au wa nje, alipotaka ladha yake iwe kanuni ya wote. Nitaanza pwani, ambako habari zimeandikwa kwa wingi, kisha nitapanda milima ya Mbooni, nyuma ya soko la Kikima katika Makueni ya leo, ambako kilumi kinatupa mfano ulio mgumu zaidi, na kwa hiyo ulio bora zaidi.

Yafaa kwanza tuyatazame maneno, maana hayo ndiyo shamba letu. Neno *ngoma* katika Kiswahili lina maana ya chombo, la mdundo wake, la uchezaji, la kusanyiko la wachezaji, na mahali pengi pia la pepo anayepungwa. Kitenzi chake ni *kucheza*. Mtoto hucheza mpira, mtu mzima hucheza ngoma, na mwigizaji hucheza nafasi ya mfalme. Kitenzi ni kimoja. Kikamba hakikupanga mambo hivyo. Mtoto wa Kikamba *huthauka* anapocheza na wenzake, lakini mtu anayecheza ngoma *husunga*, na *wathi* ni wimbo na mara nyingi pia ni uchezaji unaouandama. Kwa hiyo, ninapoandika kwamba wanawake wa Mbooni "wanacheza kilumi", nimekwisha kusema jambo ambalo lugha yao haikulisema: nimekitia kilumi katika kapu moja na mpira. Nitalirejea jambo hili, kwa sababu naamini kwamba sisi walimu wa Kiswahili tumelipita haraka mno.

Ama kuhusu Beni, ilizaliwa katika miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890. Jina lake ni lile la Kiingereza la kikundi cha wapiga tarumbeta, lakini tabia yake ya mashindano ilikuwa ya zamani zaidi kuliko tarumbeta zenyewe. Lamu ilikuwa imegawanyika tangu kale katika pande mbili, Mkomani na Langoni, na pande hizo zilishindana kwa ngoma na kwa mashairi kabla ya afisa yeyote wa Kiingereza kutia mguu pale. Mombasa nayo ikapata vyama vyake, miongoni mwao Kingi na Scotchi, na hiki cha pili hata kwa jina lake kilijinasibisha na askari wa Uskochi. Kila chama kilikuwa na mfalme wake, majenerali wake, makanali wake, na madaktari na wauguzi ambao cheo chao hakikuwa cha mchezo mtupu, kwa maana mwanachama alipougua walipaswa kumwangalia, na alipokufa chama kilimzika.

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Mtu aliyebeba magunia bandarini tangu asubuhi aliweza jioni kuwa jenerali, na karani aliyekuwa mkubwa wake kazini akawa mwanajeshi wa kawaida mbele yake. Kwa jambo kama hilo kuwezekana, walihitaji kukubaliana. Karani hakumkumbusha jenerali habari za magunia, na jenerali hakumwamrisha karani nje ya ngoma. Aidha hapakuwa na mtu aliyemwuliza mwenzake kwa nini amekuja. Aliyekuja kwa ajili ya sanda na jeneza alipiga hatua zilezile za gwaride alizopiga aliyekuja kwa ajili ya kofia. Cheo kilipatikana kwa karamu na kwa utumishi katika chama, wala hakikupatikana kwa kuthibitisha kwamba mtu ameielewa ngoma vyema kuliko mwenzake. Twasema mcheza kwao hutunzwa, na tuzo hilo lilitolewa bila ya kumtaka mchezaji aeleze nia yake.

Katika Tanganyika, vyama viwili vilienea hadi vijijini, yaani Marini na Arinoti. Marini walijigamba kwa usafi, kwa mavazi yaliyonyooshwa, na kwa kuwa karibu na askari, makarani na watu waliojiona waungwana wa mji. Arinoti waliwavuta zaidi wenye kazi za mikono na waliotoka bara, na uchezaji wao ulisifiwa, na kulaumiwa, kwa ukali wake. Marini waliwaona Arinoti washenzi, na Arinoti waliwaona Marini watu wa madaha. Lakini ni lazima tutambue kwamba hakuna upande uliotaka mwenzake afe. Mashindano yahitaji wawili. Mwanachama aliyehamia mji mwingine alipokewa na watu wa chama chake huko, akapata pa kulala na watu wa kumtambua. Na jambo la kwanza aliloulizia, bila shaka, lilikuwa ni hali ya wapinzani. Ladha mbili zilitunzwa kwa kutengewa nyumba mbili na uwanja mmoja.

Sitaki kuipamba picha hii. Mashindano yalikula mali. Yalizaa madeni, na mara nyingine yalizaa mapigano. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, ameonyesha jinsi vyama vya lelemama vya Ibinaal Watan na Banu Saada vilivyosukumana katika maonyesho ya fahari, kila kimoja kikitaka kipite kingine, na jinsi nyimbo zilivyotumiwa kumwaibisha mtu hadharani. Lakini mtaalamu huyohuyo anatuonyesha kwamba ndani ya vyama hivyo walikaa pamoja wanawake wa koo za waungwana na wanawake wa asili ya utumwa, ambao nje ya ngoma wasingeketi jamvi moja. Matarajio yao yalikuwa mbalimbali: huyu alitaka kutambuliwa kuwa mtu wa mji, na yule, ambaye utu wake wa mji haukuwa na shaka, alitaka starehe tu. Chama hakikuwataka waafikiane juu ya hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ushindani huohuo ulihamia katika vyama vya kuwaendeleza wanawake na elimu yao, na hapo ndipo tunapoona kwamba desturi ya kutofautiana kwa mpango ilikuwa imewafunza kitu kisichopatikana katika kitabu.

Sasa tupande bara. Vita vya 1914 hadi 1918 ndivyo vilivyoichukua Beni kutoka pwani na kuitawanya. Askari na wapagazi wa makabila mengi walikaa pamoja katika kampeni ya Tanganyika, wakizungumza Kiswahili kambini, na waliporudi kwao walirudi na mambo waliyoyaona. Wakamba walikuwa wengi miongoni mwao. Mfano unaojulikana sana ni ule wa Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza huko Tanganyika kuchonga vinyago, akarudi na ufundi ambao baadaye uliwapa kazi maelfu ya watu wa Ukambani. Kama kisu cha mchongaji kiliweza kupita njia hiyo, hapana ajabu kwamba hatua za ngoma zilipita pia. Ukambani neno la pwani likawa *mbeni*, umbo lilelile tunalolikuta hata katika machimbo ya shaba ya Zambia, na likawa jina la ngoma ya vijana.

Lakini mbeni haikuingia katika nchi isiyo na ngoma zake. Kila *utui*, yaani ujirani wa Kikamba, ulikuwa na uwanja wake wa ngoma, na ujirani kadhaa ulikusanyika katika *kivalo*, mzunguko ambao vijana wake walizuriana kwa ngoma. Ndani ya mpango huo kila rika lilikuwa na haki yake. Ngoma ya vijana wa *anake* haikuwa ya wazee, *mwali* ulikuwa na wimbo wake wa kumkosoa mwenye tabia mbaya, na kilumi kilikuwa, kama kilivyo hata sasa, cha watu wazima, hasa wanawake. Mgeni kama mbeni alipewa nafasi kando ya hizo. Hakuambiwa awe kilumi, wala kilumi hakikuambiwa kijifunze gwaride.

Kilumi chahitaji tukae nacho kidogo. Mtafiti wa Kiswidi Gerhard Lindblom, aliyekaa Ukambani mwaka 1911 na 1912, ametuachia maelezo marefu juu ya *aimu*, yaani roho, na jinsi zilivyowashika wanawake. Baadhi ya roho hizo zilikuwa za wahenga wa Kikamba. Nyingine zilikuwa za wageni: Mmasai, Mswahili, hata Mzungu. Mwanamke aliyeshikwa alisema kwa sauti isiyokuwa yake, mara nyingine kwa maneno ya lugha ya kigeni, akadai nguo au kitu kinachomfaa yule aliyemshika, na akadai ngoma. Kilumi hufanywa kwa ajili ya uponyaji na kwa ajili ya mvua, na ngoma ndefu ndizo zinazokiongoza.

Jambo ninalotaka kulitilia mkazo ni kazi ya mpigaji ngoma. Roho hazipendi mdundo mmoja. Mdundo unaomwamsha mmoja humwacha mwingine amekaa. Mpigaji basi hubadilisha, husikiliza, hurudi nyuma, hubadilisha tena, mpaka mwenye kuhusika apate mdundo wake. Na wengine waliokwisha kupata wao au wasiopata bado huitikia na kungoja. Roho ya Kimasai haiambiwi kwamba uchezaji wake si wa Kikamba. Roho ya Kizungu haiambiwi kwamba madai yake ni ya kipuuzi. Kila mmoja aliyekuja amekuja na ladha yake, na ustadi wa mpigaji hupimwa kwa kadiri anavyoweza kuzitumikia ladha hizo katika usiku mmoja bila ya kumwaibisha yeyote. Nadhani huu ndio mpango kamili zaidi wa kuheshimiana katika uigizaji ninaoujua katika nchi yetu, na haukubuniwa na chuo.

Hapa pia twaona udhaifu wa nadharia zilizoifafanua Beni kwa sababu moja. Clyde Mitchell, katika kijitabu chake mashuhuri cha mwaka 1956 juu ya ngoma ya Kalela kule Luanshya, aliona kwamba mavazi ya Kizungu na vyeo vya mfalme, daktari na muuguzi vilikuwa njia ya Waafrika kushiriki, japo kwa mfano tu, katika heshima waliyonyimwa. Ranger aliipunguza nguvu hoja hiyo kwa kuonyesha mizizi ya ngoma hizi katika mashindano ya wenyeji wenyewe. Linganisha sasa Mzungu wa Mombasa na Mzungu wa Mbooni. Yule wa kwanza ni cheo ambacho mtu amekigharimia kwa karamu na anakivaa kwa furaha. Huyu wa pili amekuja bila kualikwa, amemkalia mwanamke kifuani, na sharti atulizwe ili aondoke. Anayeigizwa ni mmoja, lakini anayetaka kuwa Mzungu na anayetaka Mzungu amtoke hawawezi kuelezwa kwa nadharia moja. Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya pili, habari zote mbili tulifundishwa chini ya kichwa kimoja cha "uigaji wa mkoloni", na nakumbuka nilishangaa jinsi kichwa hicho kilivyotosheleza darasa zima.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na matarajio yake, nayo hayakuwa ya kitaaluma. Mwaka 1911 wimbi la ngoma na la kushikwa na roho lilipovuma Ukambani, na watu wakaacha kutii amri, maofisa waliona uasi. Siotune wa Kathuke na Kiamba wa Mutuavio, waliotambuliwa kuwa viongozi wake, walihamishwa. Wakati wa vita na baada yake wapelelezi wa Kiingereza waliitilia Beni shaka, wakidhani kwamba nyuma ya vyeo vile kulikuwa na njama ya Kiislamu au hata ya Kibolsheviki. Mwaka 1935, migomo ilipotokea katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na watu 6 wakauawa kwa risasi kule Luanshya, tume ya uchunguzi iliuliza pia habari za mbeni. Sidai kwamba ngoma hizi hazikuwa na siasa. Ya mwaka 1911 ilikuwa nayo waziwazi. Nasema tu kwamba mtazamaji aliyezoea jeshi la kweli aliona jeshi, na hakuweza kuamini kwamba watu wazima wangejipa nidhamu kali namna ile kwa jambo walilolipenda tu.

Kuna upande wa tatu, nao ni mgumu kuusema katika Mbooni bila kumuudhi mtu. Misheni ya Africa Inland ilianza kazi yake Ukambani mwaka 1895 kule Nzaui, ikaingia Mbooni baadaye, na kanisa lililotokana nayo lingali na nguvu kubwa katika milima hiyo. Mwongofu alitakiwa aache pombe na aache ngoma. Wasomi wa kizazi changu wana desturi ya kulisimulia jambo hili kama wizi mtupu wa utamaduni. Mimi nasita. Mwanamke wa Mbooni aliyekataa kilumi miaka ya 1920 naye alikuwa na ladha yake na sababu zake, na pengine alikuwa amechoshwa na roho za watu wengine. Desturi ya utui ilimruhusu asiende: asiyeitwa na ngoma hakulazimishwa kusunga. Ubaya haukuwa katika kukataa kwake. Ulikuwa katika dai kwamba, kwa kuwa yeye amekataa, uwanja wenyewe ufungwe. Vivyo hivyo, wale waliomcheka kwamba amekuwa Mzungu hawakumtendea haki, kwa sababu walikuwa radhi kumpokea Mzungu aliyekuja kama roho lakini si jirani aliyekuja na kitabu cha nyimbo.

Nirudi basi kwenye kitenzi chetu. Katika mihutasari yetu ya fasihi simulizi kilumi na ngoma za namna yake hutiwa katika fungu la *maigizo*, na katika tamasha za muziki za shule, ambazo Kenya imekuwa nazo tangu 1927, watoto huvaa mavazi ya nyanya zao, hushika mikia ya ng'ombe, na huonyesha kilumi mbele ya waamuzi kwa muda uliopimwa. Sipingi tamasha hizo. Bila hizo vijana wengi wasingesikia mdundo huo hata mara moja. Lakini mtoto aliye jukwaani anaigiza mwanamke aliyeshikwa na roho, ilhali mwanamke wa Mbooni haigizi. Kwa maelezo yake mwenyewe, yeye ndiye anayechezwa. Tukiviita vyote viwili "kucheza kilumi" na kuvitia alama kwa kipimo kimoja, tumekwisha kuamua ugomvi ambao wahusika wenyewe hawajauamua. Kanisa latwambia ni ibada ya roho, mwalimu atwambia ni sanaa, mama mwenye mkia wa ng'ombe atwambia ni dawa. Neno *maigizo* limemkubalia mwalimu peke yake.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina neno lingine. Si kweli. Tuna *kupunga*, tuna *kuchezwa*, tuna *kupandwa*, na wapwani wamezitumia tofauti hizo kwa uangalifu tangu zamani. Hata tukikopa *kusunga* kutoka Kikamba, hatutakuwa tumefanya dhambi kubwa kuliko ile ya kukopa jina la Beni. Ningependa kuona, katika rekodi zinazokusanywa na wanafunzi wetu kutoka Kikima, Tawa na kwingineko, kitenzi alichokitumia msimulizi mwenyewe kikiandikwa kwanza, kabla ya tafsiri yetu. Na ningependa mabadiliko ya midundo yaandikwe pia, pamoja na jina la roho iliyongojewa kila mpigaji alipobadilisha. Rekodi nyingi nilizosikiliza zimekatwa mara tu mdundo unapobadilika, kana kwamba ngoma ya kwanza imekwisha na nyingine imeanza.

Ukizisikiliza kwa makini zile chache ambazo hazikukatwa, utasikia kimya kifupi kati ya mdundo na mdundo, na sauti za wanawake wakimwambia mpigaji kwamba bado.